Wakesho, Ouma na Michoro ya Musayqira

Jumapili, 5 Januari. Riyadh

Nimeosha gari mara mbili. Vumbi la asubuhi, kisha vumbi la mchana. Nimewapeleka watoto kwa daktari wa meno, nimemrudisha mke wa bosi kwa fundi wake wa nguo, nimengoja saa mbili unusu. Chakula cha mchana nimekilia kwenye usukani.

Jioni bosi kaniita. Shule zimefungwa, tunakwenda kupiga kambi. Kwanza mabwawa ya Al-Hair, kusini ya mji. Kisha Musayqira, kwenye miamba iliyochorwa na watu wa kale. Halafu moja kwa moja hadi Jeddah. Dada yake, Madam Hessa, atatoka Jeddah na gari lake tuongozane safari yote. Huyo madam anafundisha chuoni, na michoro ya miamba ndiyo kichaa chake.

Madam Hessa anakuja. Maana yake Wakesho anakuja.

Mke wangu hufanya kazi za nyumbani kwa Madam Hessa, mwaka wa tatu sasa. Bosi ndiye aliyemtafutia nafasi hiyo. Nilidhani Riyadh na Jeddah ni kama Voi na Mombasa. Kumbe ni mwendo wa siku nzima, na kila mmoja wetu ana kafili wake, mdhamini wa kumpa ruhusa au kumnyima. Miezi kumi na minne sijamwona ila kwenye simu.

Juni tunarudi kwetu Wundanyi wote wawili, halas, basi. Tulishakubaliana. Binti yetu Mkamburi atakuwa ametimiza miaka tisa.

Nimefurahi mpaka nimeliosha gari mara ya tatu.

Jumatatu, 6 Januari

Nimempigia Wakesho. Habari anazo tangu wiki jana. Kwa nini hakuniambia? Eti alitaka nisikie kwa bosi wangu mwenyewe. Sawa.

Kisha akasema, "Ouma anasema huko bwawani kuna baridi kali, Baba Mkamburi. Ubebe sweta."

Ouma ni dereva wao. Mtu wa Homa Bay. Tumeongea dakika kumi na moja na jina la Ouma limetajwa mara tano. Ouma anasema. Ouma anajua. Ouma ameshapita njia ile. Mimi naendesha magari katika nchi hii mwaka wa saba. Baridi yake naijua.

Sijawahi kukutana na Ouma. Simpendi tu.

Jumatano, 8 Januari

Wamefika saa kumi alasiri. Gari likasimama langoni, Wakesho akashuka kutoka kiti cha mbele. Cha mbele! Mfanyakazi wa nyumbani hukaa nyuma na madam wake, kila mtu anajua.

Tulisalimiana kwa mkono kama wanakamati wa harambee. Bosi na watoto walikuwa wanatazama. Amenenepa kidogo, inampendeza. Anatembea haraka kuliko zamani. Neno lake la kwanza baada ya salamu: "Umeangalia upepo wa matairi?" Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akatazama chini.

Nilitarajia Ouma awe mzee. Si mzee. Mrefu, shati limepigwa pasi hata baada ya mwendo wote ule, sauti ya chini kama mtangazaji wa redio. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hatimaye! Nimekusikia sana, ndugu yangu." Kisha akageuka: "Kapteni, ile chupa ya chai iko wapi?"

Kapteni ni mke wangu.

Mimi mwenyewe sina jina la kumwita zaidi ya Mama Mkamburi. Miaka tisa ya ndoa.

Alhamisi, 9 Januari. Al-Hair

Tumepiga kambi kando ya maji. Sikuamini. Nusu saa kutoka barabara kubwa, jangwa kavu, kisha ghafla matete marefu kuliko mtu, na mabwawa yanafuatana. Bosi ameeleza kwamba haya ni maji ya Riyadh. Yote tunayooga na kufulia husafishwa na kuachiwa bondeni. Hayo ndiyo yameotesha matete, matete yakaita ndege. Yange, bata maji, korongo wa kijivu aliyesimama kwa mguu mmoja kama askari aliyesahaulika lindoni. Nimekuwa naosha gari kwa maji miaka saba bila kujua yanaishia wapi.

Mahema matatu: familia ya bosi, Madam Hessa na Wakesho, mimi na Ouma. Ndiyo. Mke wangu yuko hatua thelathini, na mimi nimepangiwa kulala na Ouma.

Ouma amezaliwa ziwani, na haachi watu wasahau. Kabla ya adhuhuri ameshawafundisha watoto kusuka matete, ameshatega ndoano tatu, ameshatoa perege wawili na kambare mmoja mwenye masharubu. Watoto wanapiga kelele, "Ouma! Ouma!" Mtoto wa mwisho wa bosi, ambaye mimi humfunga mkanda kila asubuhi ya Mungu, leo hajanitazama.

Nikaona nami niende. Nilikanyaga ukingoni, nikadhani ni majani, yakawa matope. Nimezama hadi gotini. Kiatu kimebaki ndani. Watoto wamecheka, bosi amecheka. Hayo si kitu. Wakesho alicheka, na alipocheka alimtazama Ouma, si mimi.

Ouma ndiye aliyekitoa kiatu. Akakisuuza, akakianika juani. Nimechukia hata usafi wa kiatu.

Ijumaa, 10 Januari. Al-Hair

Andika pole pole, Mwakio. Andika ulichosikia tu.

Baada ya chai ya asubuhi nilikwenda kutafuta kuni upande magari yalipoegeshwa. Matete ni mazito pale. Nikasikia sauti zao upande wa pili. Sikuwaona. Niliona miguu, ya Ouma na ya Wakesho, kando ya mlango wa dereva.

Ouma: "Umemwambia?"

Wakesho: "Bado."

Ouma: "Kapteni, atajua tu. Afadhali asikie kwako."

Wakesho: "Tukifika Jeddah. Hapa ataharibu safari ya watu."

Ni hayo tu. Kisha mlango ukafungwa na wakarudi kambini, yeye mbele, Ouma nyuma amebeba kreti ya maji. Ouma alikuwa anapiga mbinja.

Nimekaa na kuni zangu mpaka ndege wamenizoea. Ndege mmoja wa buluu amepiga mbizi mara tatu mbele yangu, mara ya tatu akatoka na samaki.

Atajua nini? Mtu huficha nini kutoka kwa mumewe mpaka afike mjini? Mimi si mtoto.

Mchana Wakesho ameniletea wali na kambare, akakaa mbali kidogo, kama desturi inavyotaka. Ameuliza mbona sili. Nimesema samaki wa matope siwapendi. Amesema nyumbani nilikuwa nawapenda. Nimesema nyumbani ni nyumbani. Akachukua sahani akaondoka. Nilitaka kumwita. Sikumwita.

Jumamosi, 11 Januari. Musayqira

Tumevunja kambi alfajiri. Tumeendesha kuelekea magharibi kwa muda wa saa tatu. Tambarare, kisha jabali limekaa peke yake, jekundu, limepasukapasuka kama mkate. Tunalala hapa chini yake leo, kesho Jeddah.

Michoro inaanza usawa wa kifua na kupanda juu hata pasipofikika. Wala si michoro ya rangi. Aliyetengeneza aligonga jiwe kwa jiwe, nukta kwa nukta, mpaka ngozi nyeusi ya mwamba ikatoka na ndani pakaonekana. Ngamia. Mbuzi wa milimani wenye pembe zilizopinda hadi mkiani. Mbuni! Mbuni wanakimbia katika nchi ambayo leo haina hata kunguru wa kutosha. Watu wenye mikono juu na vidole vimetanuka. Maandishi ambayo Madam Hessa anayasoma kidogo kidogo, kama mtoto wa chekechea, akifurahi kila herufi.

Madam ametueleza: iliyofifia ni ya zamani zaidi, iliyo myeupe ni ya juzi, na juzi yake ni miaka elfu moja au mbili. Ametuonyesha mahali mtu alikuja akachonga ngamia wake juu ya mbuni wa mtu mwingine. Mbuni anaonekana bado, chini ya tumbo la ngamia. Kila mtu amesema ajabu. Mimi nimesema moyoni, hata kwenye mawe kuna watu wa kuingilia vya wenzao.

Lakini nitasema kweli. Kuna pahali nilibaki peke yangu, chini ya mwamba ulioinama, penye kivuli. Nikakumbuka kwetu, pango la mafuvu ya wazee kule ng'ambo ya mto. Tukiwa wadogo tulipita hapo kimya, na ukilinyoshea kidole ulipigwa. Nilisikia mwili wangu umenyamaza vile vile. Nikatamani mtu wa kumwambia. Katika nchi hii yote ni mtu mmoja tu angeelewa bila kuelezwa, kwa sababu amepita hapo hapo akiwa na mtungi wa maji.

Nikaenda kumtafuta. Nikazunguka jabali. Alikuwa amesimama kando ya mwanamke wa kuchongwa, naye ametanua vidole vyake vivyo hivyo, anacheka. Ouma ameshika simu, anampiga picha. Madam alikuwapo, ndiyo. Madam naye alikuwa anacheka. Sikumwona madam. Niliona wawili.

Saa kumi nilimfuata bosi alipokuwa anakoka moto wa kahawa. Nikasema. Kiarabu changu kibovu kikanitosha leo. Nikasema Ouma na mke wangu wana mazoea mabaya. Nikasema nimewasikia wakificha jambo. Nikasema yeye kama mkubwa wa familia afahamu.

Bosi aligeuka akanitazama. Aliuweka chini mwiko wa kahawa. Akauliza, "Una hakika, Mwakio?"

Nikasema nina hakika.

Nilihisi raha. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilihisi raha kabisa.

Jumapili, 12 Januari. Njiani, Taif

Tumesimama hapa kwa chakula na sala. Niko ndani ya gari. Nitaandika kabla hawajarudi.

Asubuhi Madam Hessa alitoka hemani uso umekaza. Bosi alikuwa ameshamwambia. Alimwendea Ouma, akanyosha kiganja. "Funguo." Ouma akatoa. Hakuuliza. Uso wake ulikuwa wa majivu. Kila dereva hapa anajua maana ya funguo kuchukuliwa. Shutuma kama ile, ikifika kwenye kituo cha polisi, ikama, kibali cha kuishi, inafutwa na mtu anapandishwa ndege na nguo alizovaa. Mimi nilijua hilo jana. Nilijua wakati nasema.

Madam akasema Ouma apande gari la kaka yake mpaka wafike nyumbani na jambo lisikizwe.

Nikajiuliza gari lake litaendeshwa na nani. Nikadhani bosi atanipa mimi lile, yeye aendeshe hili.

Madam akageuka. "Wakesho. Yalla, twende."

Na mke wangu akapokea funguo. Akaingia upande wa dereva. Akasogeza kiti mbele. Akarekebisha kioo cha kati, kisha cha kushoto, kisha cha kulia. Akafunga mkanda. Akaliwasha. Akalitoa kwenye mchanga taratibu, bila kuzungusha tairi, jinsi inavyotakiwa, jinsi ambavyo vijana wengi wanaojiita madereva hawawezi.

Nilisimama na kigingi cha hema mkononi.

Kwa muda wa saa saba nimeendesha nyuma yake. Bosi kiti cha mbele. Mkewe na watoto nyuma. Ouma nyuma kabisa, kati ya mahema na sufuria, anapumulia shingo yangu. Kila nikitazama kioo namwona yeye. Kila nikitazama mbele naona gari la Wakesho, kilomita mia na kumi kwa saa, halipungui wala haliongezeki. Anaonyesha ishara mapema. Analipita lori na kurudi upande wake bila pupa.

Nilitaka akosee. Mungu ananiona. Nilitaka akosee kidogo tu, apande ukingo wa barabara, asahau ishara, kitu cha kunipa neno la kusema. Kazi hii ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho mimi na yeye hana. Nilikuwa nimeogopa mwanamume ananichukulia mke. Kumbe mke mwenyewe ndiye aliyenifikia nilipo, na hilo limeniuma zaidi.

Hapa hotelini Madam ameniita, bosi akiwa pembeni yake. Wakesho amesimama nyuma yao, mikono ameifunga kifuani.

"Mwakio. Umewaona wakifanya nini?"

Nikafikiri. Miguu kando ya gari. Picha. Jina la Kapteni.

"Mafi, madam," nikasema. Hakuna.

"Miezi mitano Ouma amemfundisha kila Ijumaa asubuhi, Al-Mahjar, kwenye uwanja mtupu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Kila Ijumaa. Leseni ameipata mwezi uliopita kwa mtihani wa kwanza. Mimi ndiye niliyetaka ajifunze, Ouma anarudi kwao Machi." Akanitazama kama mwanafunzi aliyeandika upuuzi. "Ulikuja kwangu kuuliza?"

Bosi amesema neno moja tu, kwa Kiingereza, ili nisiseme sikuelewa. Kwamba nimemwaibisha mke wangu mbele ya familia yake yeye bosi, na kwamba aibu hiyo ni yangu, si ya mke wangu.

Wakesho alishusha mikono kutoka kifuani. Alikwenda kununua maji.

Wanatoka msikitini. Funguo bado anazo yeye. Mbele yetu ni mteremko wa Al-Hada.

Jumatatu, 13 Januari. Jeddah

Aliushuka. Kona baada ya kona, genge upande mmoja, nyani wamekaa ukutani wakitazama magari. Gia ndogo, breki akigusa na kuachia. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliushuka nikinuka breki zilizoungua. Chini tukashika barabara ya kuzunguka Makka, ile yetu Wakristo tusioruhusiwa kuingia mjini, na saa moja jioni tukawa langoni kwa Madam Hessa. Ouma akashuka kutoka kwenye mahema na sufuria. Madam akamrudishia funguo mbele yetu sote, kwa mikono miwili.

Leo asubuhi Wakesho alinikuta nyuma ya nyumba nikikung'uta mazulia ya kambi. Bosi alikuwa ameturuhusu tuongee. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nilikuambia," akasema. "Mwaka juzi. Nilikuambia kwenye simu natamani kujifunza gari."

"Nilisema nini?"

"Ulisema nikishika usukani Jeddah nzima ihame."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata nilivyocheka, na kwamba nilimwita mwenzangu tuliyekuwa naye chumbani, nikamsimulia, naye akacheka.

Nilisema samahani. Akasema ameisikia, lakini kuna lingine. Madam anataka ikama yake ibadilishwe, iandikwe dereva. Mkataba mpya. Miaka miwili.

"Na Juni?"

"Juni nenda wewe."

Nilidhani ananifukuza. Akatikisa kichwa. "Baba Mkamburi, mtoto ana bibi tu. Bibi amechoka. Wewe umekuwa huku miaka saba. Nenda akuzoee. Mimi nitakuja yakiisha." Kisha akasema, na hapa sauti yake ilibadilika, "Lakini ukienda na moyo ule wa juzi, utakuwa unanipigia kila saa kuuliza nani yuko kiti cha nyuma. Hiyo siitaki. Heri uniambie sasa."

Nilichukua zulia jingine. Yeye akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukalikung'uta pamoja mpaka likaacha kutoa vumbi. Akaitwa ndani.

Jumanne, 14 Januari. Jeddah

Nimemfuata Ouma mtaa wa Kandara. Ana binamu yake aliyepanga chumba huko, karibu na kituo cha zamani cha mabasi, na siku zake za mapumziko huwa pale. Nilimkuta anafunga masanduku ya kutuma nyumbani. Blanketi, viatu vya watoto, blenda.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalipotea. Nilimwambia: nilikosa, nilisema uongo, nilijua utakufikisha wapi na bado nikausema.

Akaendelea kuzungusha utepe wa gundi kwenye sanduku.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Sijagonga gari, sijalala rumande. Nimebakiza wiki nane niende kwa mama watoto kwa heshima. Wewe ungenipeleka nimefungwa pingu. Kwa sababu ya nini? Kiatu?"

Nilishangaa kwamba alikuwa ameona ule uso wangu siku ya kiatu.

"Kwa sababu ya wivu," nikasema. Sijawahi kulitamka neno hilo kwa mdomo.

Akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Aliniomba nimshikie sanduku afunge kamba, nikashika. Chai hakunipa. Nilipotoka akasema tu kwamba mke wangu ana tabia ya kushika breki mapema mno kwenye makutano, nimwambie, maana yeye hatakuwapo tena wa kumwambia.

Sijui kama hiyo ilikuwa salamu. Nimeibeba hivyo hivyo.

Alhamisi, 16 Januari. Jeddah

Siku tulivu. Bosi na familia wako pwani na Madam. Kesho tunarudi Riyadh.

Nimemwambia bosi kwamba Juni nitaondoka peke yangu. Alitikisa kichwa polepole, akasema atanitafutia mtu wa kushika nafasi. Hana chuki. Ila haniongeleshi kama zamani, na sioni ajabu.

Nimemwambia Wakesho nimekubali. Nikamwambia pia kwamba moyo bado haujapona, nisimdanganye, wivu uko pale pale umekaa. Akaniuliza unamwonea nani wivu sasa. Nikasema wewe. Hakucheka. Alisema hilo anaweza kuishi nalo.

Tulimpigia Mkamburi pamoja, simu moja, nyuso mbili, jambo ambalo mtoto hajaliona miezi kumi na minne. Tumemwambia baba anarudi Juni. Akasogeza uso kwenye simu.

"Unajua kusuka nywele?"

Nimesema sijui. Bibi alisikika kwa mbali akiita kuku.

Nimesema nitajifunza. Akasema shuleni hawaruhusu mitindo mingi, ni mistari tu, ya kurudi nyuma.